Kuijua Hispania kwa Vitabu: Kipi Kianze, Kipi Kifuate

Anayetaka kuijua Hispania mara nyingi huanza na mojawapo ya vitabu viwili. Huchukua Don Quixote, kwa kuwa jina lake analijua tangu shuleni, au huchukua kitabu kinene juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Vyote ni vitabu vizuri, na vyote hurudishwa rafuni kabla ya ukurasa wa mia. Cha kwanza kina sura 126 na kinafanyia mzaha hadithi za mashujaa ambazo msomaji wa leo hajawahi kuziona. Cha pili kinamtumbukiza kati ya vifupisho vya vyama kama CNT, UGT, FAI, PCE, POUM na CEDA kabla hajaelewa kwa nini kibarua wa mashamba ya Andalusia na padri wa kijiji chake walikuwa hawatazamani usoni. Tatizo hapo ni mpangilio, na mpangilio unarekebishika.

Njia inayofaa ni hii: soma kwanza kitabu kimoja kifupi kinachopita historia yote, kikupe mifupa. Kisha, kwa kila zama, soma viwili: kimoja cha mwanahistoria, na kimoja cha fasihi kilichoandikwa na watu wa zama hizo wenyewe. Mwanahistoria atakueleza kilichotokea, na riwaya au utenzi utakuonyesha watu walikula nini, waliogopa nini, walichekea nini. Vitabu kumi vya kurasa 350 kila kimoja ni kurasa 3,500. Ukisoma kurasa kumi kwa siku, utavimaliza katika mwaka mmoja.

Mifupa kwanza

Kwa msomaji wa Kiingereza, kitabu cha kuanzia ni Spain: A History, kilichohaririwa na Raymond Carr na kutoka mwaka 2000. Kina sura tisa, kila moja na mtaalamu wake, kuanzia kabla ya Warumi hadi demokrasia ya leo. Ubora wake ni kwamba sura moja husomeka kwa jioni mbili. Udhaifu wake ni kwamba sauti hubadilika kila sura, na mambo mengine hurudiwa. Kwa msomaji wa Kifaransa, aliyesomea Congo, Burundi au Rwanda, kipo kijitabu cha Pierre Vilar, Histoire de l'Espagne, cha mwaka 1947, katika mfululizo wa Que sais-je? Ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni, lakini kila aya imeshiba. Kisome polepole.

Ukisoma kitabu hiki cha kwanza usijaribu kushika kila mfalme. Chukua karatasi moja uandike tarehe kumi na mbili tu. 711, jeshi la Tariq bin Ziyad linavuka bahari kutoka Afrika Kaskazini. 929, Abd al-Rahman wa Tatu anajitangaza khalifa mjini Córdoba. 1085, Toledo inachukuliwa na mfalme wa Castilla. 1212, vita vya Las Navas de Tolosa vinavunja nguvu ya dola ya Waislamu. 1492, Granada inaanguka, Wayahudi wanafukuzwa, na Columbus anafika Amerika, yote katika mwaka mmoja. 1609, unaanza ufukuzaji wa Wamorisko, yaani wazao wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. 1700, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Habsburg anakufa bila mtoto. 1808, Napoleon anavamia. 1898, Cuba, Puerto Rico na Ufilipino zinapotea. 1931, Jamhuri ya Pili. 1936, vita. 1975, dikteta Franco anafariki. Bandika karatasi hiyo ndani ya jalada la daftari lako. Wiki moja baadaye iandike upya bila kuitazama. Ukikosa zaidi ya tarehe tatu, usiende mbele bado, maana vitabu vinavyofuata vitakuchukulia kuwa unazijua.

Weka pia ramani mbili karibu: moja ya milima na mito, nyingine ya majimbo 17 yenye mamlaka ya ndani. Ile ya milima ina maana kuliko inavyodhaniwa. Katikati ya Hispania ni nyanda za juu, kavu, zilizozungukwa na safu za milima, na mito mingi haipitiki kwa mashua mbali na bahari. Ndiyo maana utasoma kuhusu Castilla, Aragón, Cataluña na Galicia kama nchi zilizogeukiana migongo, kila moja na sheria zake na pengine lugha yake.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza safari yenyewe ni majina. Mtu mmoja huja kwa majina zaidi ya moja. Ibn Rushd wa Córdoba ndiye Averroes. Carlos wa Kwanza wa Hispania ndiye Charles wa Tano katika vitabu vya Kiingereza, kwa kuwa alikuwa mfalme kwa hesabu moja na kaizari kwa hesabu nyingine. Felipe wa Pili wa Hispania ndiye Filipe wa Kwanza wa Ureno. Tenga ukurasa wa nyuma wa daftari kwa majina haya, la sivyo utasoma habari za mtu yuleyule katika vitabu viwili ukidhani ni wawili.

Andalusi, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili ana ufunguo

Zama za Andalusi, yaani Hispania iliyokuwa chini ya watawala Waislamu, zisome bila haraka. Anayejua Kiswahili anaingia humu akiwa na maneno mkononi. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, na hasta ni hata, yote kutoka Kiarabu. Alcalde, ambaye leo ni meya, alianza kama kadhi. Alhaja, kito cha thamani, ni neno letu haja lililopanda cheo. Tarifa, orodha ya bei, ni ndugu wa taarifa. Aduana, ambayo ni forodha, inatoka kwenye diwani. Anza orodha yako na uiongeze kila unapokutana na neno jipya. Jihadhari tu na kiambishi al-: alma, roho, na alto, -refu, ni Kilatini kitupu.

Kuna uzi mwingine unaotuunganisha na zama hizi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada karibu miaka ishirini baadaye. Huko alikutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, na ni Ibn Juzayy huyo aliyekuja kuandika Rihla, kitabu cha safari za Ibn Battuta, mjini Fez kwa maneno ya msafiri mwenyewe. Maelezo ya Kilwa ambayo wanahistoria wetu huyanukuu hadi leo yaliandikwa kwa kalamu ya mtu wa Granada. Ukiwa na Rihla, isome sehemu ya Kilwa na sehemu ya Granada siku moja.

Kwa historia yenyewe, Moorish Spain cha Richard Fletcher, cha mwaka 1992, ni kifupi na kinasomeka vizuri. Kikikukolea, endelea na Kingdoms of Faith cha Brian Catlos, cha 2018, ambacho ni kinene na kipya zaidi. Mtego wa zama hizi uko katika vitabu vinavyotetea upande. The Ornament of the World cha María Rosa Menocal, cha 2002, kinachora Andalusi ya Waislamu, Wakristo na Wayahudi walioishi kwa kustahimiliana. Kimeandikwa kwa uzuri wa ajabu, na kimekosolewa kwa kupunguza damu iliyomwagika. The Myth of the Andalusian Paradise cha Darío Fernández-Morera, cha 2016, kinavuta kamba upande wa pili kwa nguvu zote. Msomaji Mwislamu huelekea kukipenda cha kwanza, na anayetafuta sababu ya kuulaumu Uislamu hukimbilia cha pili. Soma Catlos kabla ya vyote viwili. Ataonyesha kwamba mara nyingi mtawala Mkristo na mtawala Mwislamu walishirikiana dhidi ya mtawala wa tatu wa dini yoyote, kwa ajili ya kodi na ngome.

Kitabu cha fasihi cha zama hizi ni Cantar de mio Cid, utenzi wa mistari takriban 3,700. Aliyezoea Utendi wa Tambuka atajisikia nyumbani: shujaa, farasi, upanga, heshima ya ukoo. Lakini jina la shujaa huyo wa Kikristo, Cid, ni neno lilelile tunalotamka sayidi. Mtu wa kweli, Rodrigo Díaz, aliwahi kumtumikia mfalme Mwislamu wa Zaragoza kabla ya kuiteka Valencia mwaka 1094. Na ndani ya utenzi, mmoja wa rafiki zake waaminifu kuliko wote ni Mwislamu, Abengalbón wa Molina. Ukifika kwake, simama urudie ukurasa. Neno “Reconquista”, kana kwamba palikuwa na vita kimoja cha imani kilichodumu karibu miaka 800, lilienea katika karne ya 19, na utenzi huu wa zamani zaidi unaonyesha dunia iliyochanganyika kuliko neno hilo.

Zama za dola kubwa

Hapa kitabu ni kimoja: Imperial Spain, 1469–1716, cha J. H. Elliott. Kilitoka 1963 na bado ndicho wanafunzi wengi wa chuo hupewa kwanza. Kinaanza na ndoa ya Isabel wa Castilla na Fernando wa Aragón, na hoja yake kuu ni kwamba ndoa ile iliunganisha nyumba mbili za kifalme bila kuunganisha nchi. Kila upande ulibaki na baraza lake, sarafu yake na ushuru wake mpakani. Ukikosa kuielewa hoja hiyo, hutaelewa mgogoro wa Cataluña, wa mwaka 1640 wala wa leo. Sura za uchumi zina takwimu nyingi za madini ya fedha kutoka Amerika na bei za nafaka. Mara ya kwanza zipitie kwa jicho, urudi baadaye.

Zama hizi zinatugusa pwani kwa jiwe kabisa. Kati ya 1580 na 1640 mfalme wa Hispania alikuwa pia mfalme wa Ureno. Fort Jesus ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1593, aliyekuwa kwenye kiti cha Lisbon ni Felipe wa Pili wa Hispania. Sura za Elliott juu ya Felipe zisome ukiwa na picha ya ngome ile kichwani.

Kuhusu Inkwizisheni, mahakama ya kusaka wazushi iliyoundwa 1478 na kufutwa 1834, soma The Spanish Inquisition cha Henry Kamen, na hakikisha ni toleo la 1997 au la baadaye. Toleo la kwanza ni la 1965, na Kamen aliliandika upya kadiri nyaraka zilivyofunguliwa. Mwenye nakala ya zamani atabeba maoni ambayo mwandishi mwenyewe ameyaacha.

Kwa fasihi, anza na Lazarillo de Tormes, cha 1554, ambacho mwandishi wake hajulikani. Kina dibaji na sura saba, na kinasomeka kwa mchana mmoja. Ni maisha ya mtoto maskini anayetumikia bwana baada ya bwana, kila mmoja bahili kuliko mwenzake. Wengi hupita haraka sura ya kwanza bila kuona kilichomo: baba wa kambo wa Lazaro ni mtu mweusi aitwaye Zaide, na mdogo wake mweusi, anayewaona mama na kaka weupe, anamkimbia baba yake mwenyewe kwa hofu. Waafrika walikuwa sehemu ya miji ya Hispania, watumwa na huru. Juan Latino, aliyezaliwa utumwani, alikuja kuwa mwalimu wa Kilatini Granada na kuchapisha mashairi ya Kilatini mwaka 1573. Juan de Pareja alikuwa mtumwa katika karakana ya mchoraji Velázquez, kisha huru na mchoraji kwa jina lake. Fuatilia majina haya mawili kwenye faharasa ya kila kitabu cha zama hizi. Kitabu kisichowataja kimekuonyesha nusu ya mji.

Sasa ndipo Don Quixote inafunguka. Sehemu ya kwanza, ya 1605, ina sura 52, na ya pili, ya 1615, ina 74. Kwa sura mbili kila jioni, ni siku 63. Usiruke sura ya tisa ya sehemu ya kwanza: msimulizi anasema amenunua sokoni Toledo madaftari ya Kiarabu ya mwanahistoria Cide Hamete Benengeli, akampa Mmorisko ayatafsiri kwa malipo ya zabibu kavu na ngano. Riwaya kuu kuliko zote za Kihispania inajitambulisha kuwa tafsiri kutoka Kiarabu! Sura za 39 hadi 41 ni kisa cha mateka wa Algiers, na Cervantes, mwandishi wa riwaya hii, mwenyewe alikuwa mateka huko kwa miaka mitano, 1575 hadi 1580. Katika sehemu ya pili, sura ya 54, Sancho, mtumishi wa Don Quixote, anakutana na jirani yake Ricote, Mmorisko aliyefukuzwa ambaye amerudi kwa kujificha, na Ricote anasema popote walipo wanaililia Hispania kwa kuwa ndiko walikozaliwa. Baada ya Elliott, ukurasa huo unauma.

Karne ya 19, kwa kifupi

Mapinduzi, katiba, majenerali, wafalme waliofukuzwa na kurudishwa: karne hii huchosha ikisomwa kwenye kitabu cha historia peke yake. Tumia sura ya Carr uliyokwisha kuisoma, kisha fungua Trafalgar cha Benito Pérez Galdós, cha 1873. Kijana wa Cádiz anasimulia vita vya majini vya 1805. Ni cha kwanza kati ya riwaya 46 za mfululizo wa Episodios nacionales. Kimoja kinatosha kuonja.

Vita vya 1936 na udikteta

Kabla ya kitabu chochote cha vita, soma The Spanish Labyrinth cha Gerald Brenan, cha 1943. Aliishi katika kijiji cha Andalusia, na anaeleza mashamba makubwa yasiyo na mwenyeji, Kanisa, vyama vya wafanyakazi na uanaki, yaani siasa ya kukataa serikali, kabla ya vita. Vifupisho vyote vile vinavyotisha utavikuta humo vikiwa na watu nyuma yake. Viandike kwenye kadi moja, kila chama na upande wake, uitumie kama kialamishi.

Homage to Catalonia cha George Orwell, cha 1938, ni kizuri na ni hatari. Ni shahidi wa kweli, lakini wa miezi michache, wa upande mmoja, wa kikundi kidogo cha POUM, kwenye mstari wa mbele wa Aragón na mjini Barcelona. Anayeishia hapo huondoka akidhani vita vyote vilikuwa ugomvi wa mrengo wa kushoto. Katika matoleo ya zamani, sura ya tano na ya kumi na moja ni za siasa za vyama. Katika mengi ya matoleo mapya zimehamishwa kuwa viambatisho, kama Orwell alivyotaka. Ukiona sura mbili za mwisho zinarudi nyuma ghafla, sababu ni hiyo.

Kwa picha kamili ya mapigano, The Battle for Spain cha Antony Beevor, cha 2006. Kwa mauaji yaliyofanywa mbali na mapigano, The Spanish Holocaust cha Paul Preston, cha 2012, kinachokadiria karibu watu 200,000, walio wengi wakiwa wameuawa na upande wa Franco. Ni kitabu kizito kwa maana zote. Kisome mkoa mmoja kwa siku, upumzike.

Ukikutana na kitabu cha Kihispania cha miaka ya Franco, angalia kwanza mji wa uchapaji, maana udhibiti wa serikali ulipitia kila mswada. La colmena, riwaya ya Camilo José Cela, ilitoka Buenos Aires mwaka 1951. Tamthilia ya mwisho ya García Lorca, La casa de Bernarda Alba, ilionyeshwa mara ya kwanza Buenos Aires mwaka 1945, miaka tisa baada ya yeye kuuawa. Historia ya vita ya Hugh Thomas ilichapwa kwa Kihispania Paris na kuingizwa nchini kwa magendo. Kitabu cha siasa kilichochapwa Madrid mwaka 1950 soma ukijua kimepita mkononi mwa mdhibiti. Hata hivyo baadhi vilipenya. Nada cha Carmen Laforet, cha 1945, hakitaji vita karibu kabisa, lakini njaa na ukimya wa nyumba ya mtaa wa Aribau, Barcelona, vinaeleza kila kitu.

Hispania ya leo, na ile isiyo Ulaya

Ghosts of Spain cha Giles Tremlett, cha 2006, kinaanza na makaburi ya halaiki na kimya cha wazee, kisha kinatembea nchi nzima. Anatomía de un instante cha Javier Cercas, cha 2009, kinachambua jaribio la mapinduzi la tarehe 23 Februari 1981. Usisome vya Kikastila, yaani Kihispania chenyewe, pekee: La plaça del Diamant cha Mercè Rodoreda kiliandikwa kwa Kikatalani, na Obabakoak cha Bernardo Atxaga kwa Kibaski.

Kihispania kina nyumba pia Afrika. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, na fasihi yake ni kioo ambacho Hispania haipendi kujitazama. Las tinieblas de tu memoria negra cha Donato Ndongo-Bidyogo, cha 1987, kinamfuata mtoto anayelelewa kati ya mizimu ya ukoo na misa ya padri. Msomaji aliyekulia karibu na misheni hatahitaji maelezo.

Kuchagua nakala

Fungua ukurasa wa hakimiliki kabla ya kulipa. Tafuta mwaka wa toleo la kwanza, mwaka wa toleo hilo, na jina la mfasiri. Nakala ya Don Quixote isiyotaja mfasiri mara nyingi ni tafsiri ya kale iliyovalishwa jalada jipya, na tafsiri ya John Ormsby ya 1885 inapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ya Edith Grossman ya 2003 ni ya kulipia, na lugha yake ni nyepesi zaidi. Hesabu sura kwenye yaliyomo: zisipofika 52 na 74, kimefupishwa.

Kwa wanaosoma Kihispania, maandishi ya zamani yako bure kwenye tovuti ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes. Kwa karatasi, tafuta majalada meusi ya mchapishaji Cátedra, yenye tanbihi nyingi. Utangulizi wake hufichua kisa chote, hivyo uusome mwisho. Vitabu vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza lugha huandikwa ngazi yake, kama A2 (ya mwanzo) au B1 (ya kati). Chukua ngazi moja chini ya ile ya darasani kwako, kwa sababu ukifungua kamusi zaidi ya mara tano kwa ukurasa, hutafika sura ya tatu.

Vitabu vya wanahistoria wa karne hii bado vina hakimiliki, na nakala za bure zinazozagaa mitandaoni mara nyingi zimekosa ramani na faharasa, vitu viwili utakavyovihitaji kila siku. Hivyo azima kwenye maktaba ya chuo kikuu, au nunua kimoja kilichotumika kila baada ya miezi michache, ukianza na cha Carr.